Skrinshoti ya Tili Sio Hesabu

Buda, hiyo skrinshoti ya tili yako haijanishtua.

Nimeiona vizuri. 80,000 na kitu kwa mwezi mmoja, emoji za moto, na maneno "niliacha kuajiriwa, sijuti". Chini yake wasee wamejaa wakikuita bosi. Mimi niko na swali moja tu, na wiki hii limefanya watu wawili waniblok: hiyo pesa ilitoka wapi, na imeenda wapi?

Kabla useme ni wivu, ngoja. Mimi pia niliposti hiyo skrinshoti. Ya kwangu ilikuwa 52,800 na haikuwa feki, kila shilingi iliingia. Lakini usiku ule niliposti, biashara yangu ilikuwa chini ya sifuri. Sikuwa najua, kwa sababu nilikuwa naangalia upande mmoja.

Wacha nikupe stori yote, na namba zake, ndio tugombane tukiwa na kitu mezani.

Mwaka jana nilikuwa nauza raba za mitumba. Nilikuwa nimetoka kampasi mwaka wa pili, fee imekataa na moyo pia umekataa. Nikajiambia sitaki stori za vyeti, nataka kuomoka. Nilikuwa na 10,000 yangu. Mathe, ambaye anauza mboga, akachukua 30,000 kwa chama yake kwa jina lake. Mkopo wa mwezi mmoja, bila riba ukilipa kwa wakati. Nikaingia Gikomba alfajiri, kabla kamera zichaguliwe zote nibaki na fagia. Nikabeba pea 60, wastani wa 600 kila moja. Nikaosha, nikabadilisha kamba, nikapiga picha kwa balkoni jua likiwa poa, nikaposti kwa 1,200. "Dilivari bure ndani ya Nairobi."

Manze, ziliuzika. Mwisho wa mwezi pea 50 zilikuwa zimeenda. Tili ikasoma 52,800. Nikapiga skrinshoti, nikaandika: "Mwezi wa kwanza tu. Kampasi ilikuwa inanichelewesha." Sijawahi kupata likes kama zile.

Sasa, kuna kijana mdogo wa mtaa wetu, alikuwa amejiunga na chuo juzi tu. Akaniandikia inboksi: "Bro, nianze na pesa gani?" Nikamjibu bila hata kufikiria: "Yoyote. Anza tu." Alianza na ya fee.

Nitarudi kwake.

Wiki iliyofuata mkopo wa chama ukafika siku yake. Nikafungua simu nilipe. Nikakuta 11,800. Nikadhani nimeibiwa. Nikapitia meseji zote za M-Pesa mara mbili nikitafuta mwizi. Hakukuwa na mwizi.

Jumapili mathe akaambiwa aende na kijana wake. Chai, mandazi, wamama kumi na wawili wananiangalia. Mweka hazina wao hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Kijana, mwezi uliopita uliingiza ngapi?" Nikajibu kwa kifua, "Zaidi ya elfu hamsini, Anti." Akasema, "Basi toa thelathini." Nikanyamaza. Mathe akaangalia chini. Hicho kitendo cha mathe kuangalia chini mbele ya marafiki zake ndicho kimefanya niandike hii posti.

Nikapewa wiki moja nilete karatasi: pesa iko wapi.

Usiku huo nikatoa noti zangu za mwaka wa kwanza. Na hapa ndio nikaanza kukasirika, kwa sababu somo la uhasibu nilikuwa nimepita. Nilipata 71! Nilikuwa najua kwamba debiti ni kushoto na krediti ni kulia, na pande zote lazima zilingane. Nilikariri kama shairi la darasa la nne. Mhadhiri alitupa mifano ya kampuni za kubuni zinazonunua mashine za kubuni. Hakuna siku mtu alitwambia kwamba hicho ndicho chombo cha kujua kama umekula pesa ya mamako.

Basi nikuambie vile nimeielewa mimi, bila kampuni za kubuni.

Kila shilingi ina stori mbili. Debiti inajibu: imeenda wapi? Krediti inajibu: imetoka wapi? Hakuna shilingi inayoenda mahali bila kutoka mahali. Ndio maana kila kitu kinaandikwa mara mbili, na ndio maana pande mbili zinalingana. Sio uchawi wa wahasibu. Ni kitu kimoja kimeangaliwa kutoka pande mbili.

Mathe akikupa 30,000: imeenda kwa simu yako, debiti. Imetoka kwa mathe, krediti. Ukinunua raba za 36,000: zimeenda kwa stoki, debiti. Zimetoka kwa simu, krediti. Ukiuza pea kwa 1,200: imeenda kwa simu, debiti. Imetoka kwa mauzo, krediti. Beshte akichukua raba akuambie "nitakutumia Ijumaa": 1,200 imeenda kwa jina la beshte, debiti, na bado imetoka kwa mauzo, krediti. Simu yako haijaona kitu hapo. Ukitoa 2,000 uende kuchoma nyama: imeenda kwa tumbo lako, debiti. Imetoka kwa simu, krediti. Tumbo lako sio biashara. Liandikie ukurasa wake.

Unashangaa kwa nini ukiweka pesa benki unapata meseji kwamba akaunti yako imekreditiwa, na mimi nimesema pesa ikiingia kwako ni debiti? Kwa sababu hiyo meseji ni daftari la benki likiongea, sio lako. Kwa daftari la benki, wewe ni mtu wanayedaiwa naye. Pesa yako ni deni lao, na imetoka kwako. Wao wanajua hivyo kila siku, kila saa. Wewe ndio hujui.

Sasa karatasi yangu. Niliandika mpaka saa tisa usiku.

Kushoto, debiti, pesa ilikoenda:
Zilizobaki kwa simu: 11,800
Mabeshte sita wenye raba zangu: 7,200
Raba nilizonunua: 36,000
Gharama za biashara: 25,000
Nilizokula mwenyewe: 20,000
Jumla: 100,000

Kulia, krediti, pesa ilikotoka:
Mkopo wa mathe: 30,000
Pesa yangu: 10,000
Mauzo yote, ya pesa taslimu na ya mkopo: 60,000
Jumla: 100,000

Hiyo karatasi inaitwa urari. Pande zilipolingana nilifurahi kama nimeshinda beti. Halafu nikaisoma tena polepole, na furaha ikaisha.

Gharama 25,000 ni nini? Boda peke yake 10,000. Ile "dilivari bure" niliyokuwa naringa nayo, bure kwa nani? Pea hamsini mara mia mbili, mimi ndio nalipa. Kona ya kuwekea mzigo, 6,000. Matangazo ya kusukuma posti, 5,000. Sabuni, gundi, kamba na mtu wa kunisaidia kuosha, 4,000.

Sasa faida. Nimeuza 60,000. Hizo pea 50 zilinigharimu 30,000. Toa na gharama 25,000. Faida ya mwezi mzima, kuamka saa kumi, mvua ya Gikomba, kujibu meseji usiku: 5,000. Sio 52,800. Elfu tano.

Na mimi nikiwa nimekula 20,000.

Jumlisha kila kitu biashara iliyokuwa nacho: 11,800 kwa simu, 7,200 za mabeshte, na pea kumi zilizobaki, 6,000 kwa bei niliyonunua. Ni 25,000. Deni la mathe ni 30,000. Yaani hata wale mabeshte wangelipa wote siku hiyo, na zile fagia kumi zirudishe pesa yake, bado ningekuwa nadaiwa 5,000 ambazo hazipo mahali popote duniani. Na wewe unajua vile mabeshte hulipa. Hakuna aliyelipa, na zile fagia kumi hazikununuliwa. Shimo halisi likawa 18,200.

Nilipeleka karatasi kwa chama. Mweka hazina aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Akafika pale 20,000. Akasema, "Hapa ndio umekuwa mkweli." Akachukua ile 11,800. Hizo 18,200 zingine mathe alizilipa kwa mboga zake, wiki baada ya wiki, mimi nikiangalia.

Kwa hivyo ukiniwekea skrinshoti ya tili uniambie "niko sawa", elewa kwa nini nachemka. Tili inakuonyesha mstari mmoja tu: iliyoingia. Haikuonyeshi deni, wala boda, wala stoki iliyokwama, wala tumbo lako. Ni kama mtu akuonyeshe picha ya mlango wa mbele wa keja na nyuma hakuna ukuta.

Najua vile utanijibu, kwa sababu nilikuwa najibu hivyo hivyo.

Kwanza utasema, "Hizo ni mambo za wasomi, mimi ni hasla." Hapana. Mfumo huu haukutoka kwa maprofesa. Ulitoka kwa wafanyabiashara. Mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha kitabu cha hisabati huko Venice mwaka wa 1494, na ndani yake akaeleza vile wafanyabiashara wa mji huo walikuwa wanaandika hesabu. Hakuuvumbua yeye. Aliukuta sokoni, kwa watu waliokuwa na mizigo baharini na madeni kila kona. Shule ndio iliuchukua sokoni, ikautia kwa mtihani, ikaturudishia ukiwa hauna damu. Hata mwenye duka hapo mtaani anayeandika kwa kitabu "Mama fulani, unga, 150" ameanza debiti tayari. Amebakisha nusu tu.

Pili utasema, "Kuna apu." Sawa, tumia apu, sikatai. Lakini apu inaandika kile umeiambia. Ripoti yako ya M-Pesa haijui tofauti ya 30,000 ya mathe na 30,000 ya wateja. Zote zimeingia, zote ziko na jina la mtu. Nikichukua ule mkopo niuandike chini ya mauzo, urari wangu bado unalingana, 100,000 kwa 100,000. Mauzo tu ndio yanakuwa 90,000. Fikiria hiyo posti! Pande zimelingana na bado ni uongo mtupu. Kusahau je? Ukiacha mkopo mzima nje ya daftari, pande zote mbili, urari hautalia. Hauwezi kuona kitu hujaandika. Kwa hivyo usidhani kulingana ndio ukweli. Kulingana ni mwanzo. Ukweli ni kuita kila pesa kwa jina lake: hii ni deni, hii ni mauzo, hii nilikula.

Na sisi kwa majina ndio tumeharibikiwa. Kumbuka HELB ikiingia kampasi. Wiki mbili kila mtu ni tajiri, kuku kila jioni. Hakuna aliyesema "mkopo umeingia". Tulisema "pesa imeingia". Hiyo ilikuwa krediti, wasee, tena yenye jina lako na namba ya kitambulisho. Fuliza nayo, vile vile: sio salio lako, ni deni. Tumefundishwa na simu zetu kufurahia kila mlio bila kuuliza ulitoka wapi.

Tatu utasema, "Biashara ni maindseti." Hapa ndio nagombana na wale wahubiri wa pesa, wanaouza masomo ya mtandaoni ya jinsi ya kufikiria kama tajiri. Wanakuambia amka saa kumi. Mimi niliamka saa kumi mwezi mzima, nikapata 5,000. Wanakuambia jiamini. Nilijiamini sana, uliza wale wamama wa chama. Hakuna hata mmoja wao nimeona akichora mstari katikati ya karatasi. Na najua sababu: akichora, utamuuliza achore wake. Utauliza ngapi ya hiyo pesa imetoka kwa biashara anayofundisha, na ngapi imetoka kwako wewe uliyenunua somo.

Nne utasema, "Mimi bado niko mdogo, hiyo ni ya makampuni makubwa." Haya, twende kwa makampuni makubwa. Kama umekulia Nairobi unakumbuka Nakumatt, ile nembo ya ndovu. Supermaketi iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini, matawi mpaka Uganda, Rwanda na Tanzania. Ungeingia Jumamosi ukute foleni ndefu za kulipa, ukasema hawa watu wanaogelea kwa pesa. Upande ule mwingine wa daftari, wasambazaji walikuwa wanadai mabilioni ya shilingi. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 waliokuwa wanaidai wakapiga kura ifungwe. Rafu zilianza kubaki tupu kabla ya hapo. Sisi wateja tulikuwa tunaona pesa ikiingia tu, kama vile wafuasi wako wanavyoona tili yako. Waliokuwa wanajua ni wale waliokuwa wanaandika upande wa kulia.

Sisemi urudi kampasi. Mimi sijarudi. Sisemi pia usiuze raba, au perfumu, au smoki. Uza. Nasema nunua daftari, chora mstari katikati, na kila jioni kabla ulale andika kila pesa mara mbili. Ilitoka wapi, imeenda wapi. Mwisho wa wiki jumlisha pande zote. Zikikataa kulingana, kuna kitu umesahau ama kuna kitu unajificha. Zikilingana, soma majina tena. Ukiona kuna pesa hujui jina lake, hiyo ndio itakuumiza.

Na kama huwezi kuposti pande zote mbili, tafadhali usiposti upande mmoja. Hapa sicheki. Yule kijana wa mtaa alinunua mzigo wa 25,000 ya fee kwa sababu ya posti yangu. Hakuniuliza gharama, kwa sababu sikuonyesha gharama. Hakujua kuna mathe na chama nyuma ya ile namba, kwa sababu niliwaficha. Alikosa kusajiliwa semista hiyo. Nilimtumia ile karatasi yangu ya urari baadaye, nikamwambia pole. Alisoma, tiki mbili za bluu, hakujibu. Nikikutana naye steji anapanda matatu nyingine.

Hiyo deni sijui niiandike kwa ukurasa gani. Lakini najua niliiweka mimi, na najua ilitoka kwa skrinshoti.

Ile skrinshoti nimeifuta. Badala yake naweka hii, pande zote mbili, na hakuna emoji:

Deni la mathe: 18,200. Nimelipa: 9,200. Imebaki: 9,000.

Haya, na wewe tuonyeshe yako.